Mashine Zilizogoma Kuwaka: Toka Hazina hadi Mpanda

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. La kwanza lilitokea Marekani. Mwezi Julai mwaka huo wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha makala wakieleza kwa hesabu na mantiki ni masharti gani kompyuta inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba ndani yake kompyuta nyingine za kufikirika, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. La pili lilitokea kwetu. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Ndugu msomaji, usicheke haraka. Vijana wa siku hizi wakisikia habari ya marufuku ile huwa wanaguna tu, "Wazee wetu nao!", kisha wanaendelea kuchezea simu zao. Lakini marufuku ile ilikuwa na historia yake, na historia hiyo ni ya mashine iliyogoma. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Uhuru ulikuwa na miaka minne. Mashine za wakati ule hazikuwa za kubeba kwapani, zilijaza chumba, zilitaka kiyoyozi, zilitaka umeme usiotetereka, na zilitaka watu wa kuzihudumia kama anavyohudumiwa mgonjwa. Wengi wa watu hao walikuwa wageni wa mkataba. Kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika mashine ikaharibika, hesabu zikachelewa, fedha zikapotea, hatimaye Hazina ikarudi kwenye mashine za hesabu za mtindo wa zamani. Ongeza hapo bei ya mafuta iliyopaa mwishoni mwa 1973, ongeza ukame uliotufanya tununue chakula nje kwa fedha za kigeni, ndipo utaona kwamba aliyesaini amri ile hakuwa mjinga. Alikuwa ni mwenye nyumba anayefunga mlango kwa sababu ndani hakuna hata unga.

Hata hivyo mimi nina lawama yangu, nayo nitaisema. Mashine ikigoma kuna njia mbili. Unaweza kuitoa nje. Unaweza pia kukaa nayo na kuiuliza imegomea wapi. Sisi tulichagua ya kwanza, na gharama yake haikuwa zile mashine zenyewe. Gharama ilikuwa ni watu. Marufuku ilipoanza kulegezwa miaka ya themanini, kwa vibali vya mojamoja, kompyuta zilirudi, lakini mtu wa kukaa nayo na kuiuliza hakuletwa ndani ya kasha pamoja nayo. Huyo ilibidi tumlee wenyewe toka mwanzo.

Sasa turudi kwa wale Wamarekani, maana jambo lao ndilo limefika hadi Mpanda.

Fikra ya kompyuta ndani ya kompyuta ni ya zamani kuliko makala ile ya 1974. Ilianzia Cambridge, jimbo la Massachusetts, katika kituo kimoja cha kampuni ya IBM. Mwishoni mwa 1964 kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kutengeneza programu iliyoitwa CP-40, na kufika 1967 ilikuwa inafanya kazi. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya kimaskini kabisa, ingawa walikuwa matajiri: mashine ni moja, ni ghali mno, na watu wanaoitaka ni wengi. Kupanga foleni kulikuwa kunapoteza siku nzima kwa kazi ya dakika mbili. Basi wakafanya kama wafanyavyo baba wenye nyumba wa Majengo: nyumba moja, vyumba vingi, kila mpangaji na mlango wake na kufuli lake. CP-40 iliweza kubeba wapangaji hadi 14 kwa wakati mmoja. Ikafuata CP-67, na mwezi Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370, iliyotolewa kwa wateja wake wa kawaida.

Yule baba mwenye nyumba, yaani programu inayogawa vyumba, wataalamu wanamwita haipavaiza. Wapangaji wanaitwa mashine pepe. Hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu neno hili linanifurahisha. Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu akisikia "pepe" hafikirii kompyuta hata kidogo. Kwake pepe ni ile punje iliyo na ganda lakini ndani haina kitu, ile inayopeperuka ukipeta. Aliyelichagua neno hilo sidhani kama alikuwa anawaza ungo, lakini amepatia. Mashine pepe haina chuma. Ukiifungua kutafuta diski yake hukuti diski, unakuta faili moja kubwa limelala ndani ya kompyuta halisi. Kumbukumbu yake ni ya kuazima, saa yake ni ya kuazima, hata kitufe chake cha kuwashia ni picha tu kwenye kioo. Lakini tofauti na punje ya pepe, hii ukiipanda inaota.

Isipokuwa siku isipoota. Na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Kompyuta ndogo za kawaida, hizi tunazoziona stashonari, zilichelewa kupata wapangaji. Vichakato vyake havikutimiza yale masharti ya Popek na Goldberg, kulikuwa na amri ambazo mpangaji angeweza kuzitoa bila mwenye nyumba kujua, na hilo likitokea nyumba haikaliki. Kampuni ya VMware iliyoanzishwa 1998 ilipata ujanja wa kuzikamata amri hizo kwa programu, na mwaka 1999 ikauza bidhaa yake ya kwanza. Baadaye, mwishoni mwa 2005, Intel ikaanza kutoa vichakato vyenye msaada wa kazi hiyo ndani yake, AMD nayo ikafuata mwaka 2006. Nayasema haya kwa sababu ndiyo asili ya kugoma kwa aina ya kwanza. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, zimetoka ofisi za Ulaya, zimepita Kariakoo, zimepanda basi hadi huku. Msaada ule umo ndani yake lakini mara nyingi umezimwa tangu kiwandani, swichi yake iko kwenye ule ukurasa unaoitwa BIOS ambao hakuna mtu ameufungua tangu mashine izaliwe. Unawasha mashine pepe, inakataa na ujumbe wa Kiingereza wenye herufi VT-x. Fundi asiyejua historia atasema kompyuta ni mbovu. Ajuaye ataizima, ataiwasha huku akibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, atawasha swichi, atahifadhi, na kazi imekwisha. Dakika tatu.

Mpanda yetu nayo ni mji uliozaliwa na mashine. Risasi iligunduliwa Mukwamba, kampuni ya kikoloni ikaja kuchimba, na kwa ajili ya risasi hiyo likajengwa tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori, likafika hapa mwaka 1950. Miaka kumi haikupita sana, machimbo yakafungwa. Reli ikabaki. Ukitaka kuwaelewa watu wa Mpanda inabidi uielewe hiyo reli, maana kwa vizazi viwili kusubiri treni ndiko kulikotufundisha kufikiri. Treni ikichelewa, mzee wa stesheni hakuwa anaanza kulaani. Alikuwa anauliza swali moja tu: imeonekana mwisho wapi?

Nami nasema hivi: swali hilo ndilo elimu yote ya mashine isiyowaka. Waingereza wanatumia neno lenye asili ya viatu vya buti, eti mtu kujinyanyua mwenyewe kwa kuvuta kamba za viatu vyake. Ni kwa sababu kompyuta iliyozimwa haijui kitu, na ili ijue inahitaji programu, na ili ipakie programu inahitaji programu. Kwa hiyo inajiamsha kwa vituo, kituo kidogo kikiamsha kikubwa zaidi. Weka vituo hivyo juu ya reli yetu uone.

Tabora ni ile BIOS, au ndugu yake mpya aitwaye UEFI. Hapo mashine pepe inajihesabu viungo vyake na kutafuta diski. Ikisimama hapa itakuambia haioni pa kuanzia: pengine faili la diski limehamishwa, pengine mashine iliundwa kwa BIOS na mtu ameibadili kuwa UEFI bila kujua, pengine kuna faili la sidii limesahaulika na ndilo linalosomwa kwanza. Kaliua ni njia panda, treni ya Kigoma inakwenda huku na ya Mpanda inakwenda huku. Hapo inakaa programu ndogo ya kuchagua mfumo upi uamshwe, na ikiharibika utaona kioo cheusi chenye kamstari kanakopepesa. Ugalla ni daraja. Hadi hapo mashine ilikuwa inasoma diski kwa macho ya BIOS, sasa kerneli ya mfumo wenyewe lazima ivuke mto na kuisoma diski kwa macho yake. Isipokuwa na kiendeshi cha diski hiyo, daraja limekatika. Linux ikifika hapo inapatwa na kile wanachokiita hofu ya kerneli, jina zuri kweli, natamani ningelibuni mimi. Windows inatoa kioo cha buluu. Katumba ni zile huduma za mwisho mwisho, mtandao, saa, diski za ziada. Hapa kugoma kwake huwa ni kwa kichwa ngumu tu, mathalani mashine inangoja diski ambayo ilishaondolewa mwaka juzi. Ukiona mahali pa kuandika jina na neno la siri, umefika Mpanda, chukua mzigo wako.

Chini ya haya yote iko ardhi yenyewe, yaani kompyuta halisi. Wapangaji wanaweza kuwa wazima kabisa lakini LUKU ya nyumba imekwisha. Diski ya mwenye nyumba ikijaa, mashine pepe inaganda katikati ya neno, na ukiizima haiwaki tena hadi ufute vitu vya mwenye nyumba. Nimeona watu wakihangaika na mpangaji siku nzima wakati mwenye nyumba amejaza diski kwa filamu za Kihindi.

Sasa nitatoa mfano mmoja wa kweli, wa chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani kwetu Katavi. Sitakitaja jina, haitasaidia kitu. Wanachama wake ni wakulima wa tumbaku na mahindi, walimu kadhaa, na kina mama wa sokoni. Chama kilinunua programu ya hesabu miaka mingi iliyopita, programu iliyokubali Windows XP tu na si kingine. Aliyeiuza alitoweka mjini kama watowekavyo wauzaji wa dawa za meno za mitishamba. Microsoft nayo ikaacha kuihudumia XP mwezi Aprili 2014. Kompyuta ya zamani ilipokufa, fundi mmoja mwenye akili aliichukua XP yote pamoja na programu yake akaiweka ndani ya kompyuta mpya kama mashine pepe, kwa kutumia VirtualBox, ambayo haiuzwi. Ikawa inafanya kazi vizuri kabisa. Fundi akahamia Mwanza.

Ikumbukwe kwamba umeme wa mji wetu kwa miaka mingi ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nje kabisa ya gridi ya taifa, na watu tulizoea kuishi nao kama mtu anavyoishi na mkwe mkali. Usiku mmoja wa mwezi Novemba mvua ilinyesha na radi, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi kompyuta ya chama haikuwa na uhai. Ubao wake mama uliungua. Diski yake ilipona, na ndani yake lile faili la mashine pepe, GB 12, zikiwa ndizo hesabu za watu wote wa chama: hisa, akiba, mikopo, nani anamdhamini nani. Daftari kubwa la mkono lilishaachwa kuandikwa tangu programu inunuliwe. Wanachama walikuwa na stakabadhi, lakini wewe unajua stakabadhi ya mkulima inakaa wapi. Iko darini pamoja na mchwa.

Mvua zilikuwa zimeanza. Mkulima alikuja kuchukua akiba yake anunue mbolea, na mbolea ya mahindi haisubiri. Wakaja wawili, wakaja kumi. Kufika siku ya nne benchi la nje lilikuwa limejaa, na maneno yakaanza ya kwamba hizo fedha zimeliwa, radi ni kisingizio. Katibu wa chama, mzee mstaafu, mtu wa kuvaa koti hata jua la Oktoba, alikuwa anatoka nje kila asubuhi kuwasalimia. Siku ya tano alipotoka vijana wengine hawakumpa shikamoo. Mtu wa kijijini anajua maana yake.

Aliitwa fundi mpya, kijana aliyemaliza chuo karibuni. Alikuja na kompyuta nyingine, akataka kunakili lile faili kwa flashi. Ikakataa, ingawa flashi ilikuwa ya GB 32 na tupu. Hapo alikwama saa nzima, maana hakukumbuka kwamba flashi zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 hazipokei faili moja linalozidi GB 4, hata zikiwa na nafasi ya tembo. Ikabidi waazime diski ya nje kwa mtu anayechomea watu miziki na filamu pale stendi. Hivyo hesabu za chama zikalala usiku mmoja pamoja na bongofleva.

Akaunda mashine pepe mpya, akaipachika lile faili, akaiwasha. Ile nembo ya Windows ikatokea. Wazee wakashangilia. Kisha kioo kikawa cha buluu, maandishi meupe, na namba ndefu ya sifuri nyingi inayoishia na 7B. Akaiwasha tena, buluu. Mara sita, buluu. Wataalamu wa pembeni hawakukosekana, na ushauri wao ulikuwa mmoja: "Piga windo!"

Kupiga windo, kwa msomaji asiyekaa na mafundi, ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ndiyo dawa ya kila ugonjwa mjini, kama klorokwini enzi hizo. Kijana alishaanza kutafuta sidii kwenye begi. Katibu akamuuliza:

"Mwanangu, ukipiga hiyo windo, hesabu za watu zinabaki?"

"Hazibaki, mzee."

"Basi usipige."

"Lakini mzee, itawaka."

"Itawaka na nini ndani?"

Mimi nilikuwepo, nilikwenda kumsindikiza mama mdogo. Ninatafuta kuandika riwaya, nimemaliza kidato cha nne na sina chuo cha mtu, lakini nimesikiliza mazungumzo mengi nikitafuta ya kuweka kitabuni, na hayo mawili matatu ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote. Hazina ya 1974 ilihitaji mtu wa kuuliza hivyo.

Kijana yule, nampongeza, alitulia. Kwanza alilinakili faili lote mara nyingine pembeni, ili akiharibu aharibu nakala. Hilo ndilo la kwanza kabla ya lolote, na mafundi wengi hulifanya la mwisho. Kisha akaanza kuuliza treni imeonekana wapi mwisho. Nembo ya Windows imeonekana, kwa hiyo diski inasomeka na njia panda ipo: Tabora imepita, Kaliua imepita. Imekufa palepale ambapo Windows inaiacha BIOS na kuisoma diski yenyewe. Ni Ugalla. Na ile 7B ndiyo inayosema hivyo kwa lugha yake, kwamba mfumo hauwezi kuifikia diski uliyowashiwa. Radi haihusiki. Faili haliwezi kuwa limeoza kwa namna ya kugoma mahali palepale mara sita kwa adabu hivyo.

Akafungua mipangilio ya mashine pepe. Alipoiunda, aliulizwa ni ya mfumo gani, na kwa mazoea alichagua Windows 10. VirtualBox kwa heshima zote ikaifunga diski kwenye waya wa mtindo wa SATA, kama inavyostahili Windows 10. Lakini XP ilitoka mwaka 2001, na kanuni ya AHCI ambayo SATA hiyo inazungumza ilichapishwa mwaka 2004. XP haikuwa na kiendeshi chake. Unamwita mzee kwa jina alilopewa baada ya yeye kusafiri, ataitikaje? Kijana akaing'oa diski kutoka SATA, akaipachika kwenye mtindo wa zamani uitwao IDE, akabadili na aina ya mfumo kuwa Windows XP. Hakuna waya ulioguswa, hakuna bisibisi, kazi yote ni ya kubonyeza.

Ikawaka. Siyo vizuri, lakini ikawaka. Kwa kuwa umeme ulikatika ghafla, XP ilitaka kwanza kuikagua diski, ikachukua zaidi ya nusu saa kioo kikiwa kinahesabu asilimia, na katika nusu saa ile hakuna aliyetoka kwenda chooni. Hesabu zilikutwa hadi siku moja kabla ya radi. Za siku ile ya mwisho zilirudishwa kwa mkono kutoka kwenye vishina vya stakabadhi, ambavyo katibu alivifunga kwa ufito wa mpira na kuvificha kabatini, tabia ya karani wa zamani ambayo vijana walikuwa wanaicheka. Mbolea ilinunuliwa siku ya tisa. Kwa wengine ilikuwa imechelewa, mahindi yao yalionyesha hivyo kufika Machi, na hilo halikurekebishwa na mtu.

Kuna meli ambayo kila mtu wa Karema na Ikola anaijua. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kuteremshwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma mbele ya Wabelgiji na Waingereza, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo hawakuizamisha kwa hasira. Waliijaza mchanga ikazama polepole, na kabla ya hapo walizipaka injini zake zote grisi nzito. Walikuwa wanaizima, siyo kuiua. Wabelgiji waliiopoa ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta injini na matangi yake ya mvuke bado yanafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zile zilifanya kazi hadi miaka ya sabini, zilipobadilishwa kuwa za dizeli.

Tazama jinsi mashine mbili za historia yetu zilivyozimwa. Moja ilikaa miaka minane chini ya maji ikawaka, kwa sababu aliyeizima alimfikiria atakayekuja kuiwasha, hata kama atakuwa adui yake. Nyingine ilizimwa Hazina pakavu kabisa, kwenye kiyoyozi, na aliyekuja baadaye alianza upya. Mimi sioni ajabu katika ile ya maji. Kazi ya grisi inaeleweka. Ninachokishangaa ni kwamba hadi leo watu wanazima mashine zao kwa kuchomoa waya ukutani, mashine pepe nayo wanaifungia dirisha lake kama mtu anayefunga mlango usoni kwa mgeni, kisha kesho yake wanamtafuta fundi. Au wanachukua zile picha za papo za kuhifadhi hali ya mashine, moja juu ya nyingine, ishirini, thelathini, halafu mtu anafuta faili moja la katikati akidhani ni taka. Hapo mnyororo umekatika, na diski yote iliyo juu yake haisomeki. Hiyo hakuna fundi wa stendi atakayekusaidia.

Fundi wa kwanza, yule aliyehamia Mwanza, alikuwa ameipanga mashine ya chama vizuri sana. Kosa ni kwamba mpangilio wote ulibaki kichwani mwake na ndani ya kompyuta iliyoungua. VirtualBox huandika mpangilio huo katika faili dogo pembeni ya diski, nalo lilikuwemo katika diski iliyopona, ila hakuna aliyejua kwamba linahitajika na hakuna aliyelinakili. Lingekuja pamoja na lile kubwa, siku nyingi zile zingekuwa saa moja.

Siku ile mashine ilipowaka, katibu hakusema mengi. Alitaka kwanza orodha ya wanachama wote na akiba zao ichapwe kwenye karatasi, na ikachapwa, mashine ya kuchapia ikilia hadi magharibi. Kisha akamtuma mtu dukani akanunue daftari la kurasa 96, akamwekea yule kijana mbele pamoja na kalamu na soda. Daftari hilo liko kwenye droo ya mbao yenye kufuli, chini ya vishina vya stakabadhi. Nimeliona. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika kwa mkono: mfumo, Windows XP, kumbukumbu, MB 512, diski, IDE, siyo SATA, usiifunge kwa kuchomoa, nakala ya faili kila Ijumaa, na lile dogo pia. Chini yake katibu ameongeza kwa mwandiko wake wa kikarani, wino wa buluu, tarehe, na jina la mwenye diski ya kuazima pale stendi.